Mpime Kwanza Anayetaka Kukupimia

Juma hili nimepokea barua kutoka Kibara, nami naona yafaa kuijibu hapa mbele ya wote, maana najua nyumba nyingi zimo katika shauri lile lile.

Barua ni ndefu, nitaifupisha. Mwandishi ni kijana mwenye mke na watoto wawili. Yeye na kaka yake wamevua dagaa miaka mingi na kuweka akiba kidogo kidogo. Mama yao akauza ng'ombe sita. Fedha iliyopungua wakaikopa katika chama cha akiba na mikopo, wakanunua lori la tani 10, si jipya lakini zima. Sasa amekuja bwana mmoja kutoka kampuni ya usafirishaji. Asema: "Lete lori lako kwetu kabla ununuzi wa pamba haujaanza. Sisi tunao mzigo, wewe unalo gari. Utalipwa kila safari. Tia sahihi hapa, na kadi ya gari tuiandike kwa jina la kampuni, ipate leseni na bima pamoja na magari yetu." Kijana ataka kukubali. Mama akataa. Kaka mtu amenyamaza. Barua yaishia hivi: "Shikamoo mzee. Nifanye nini? Siku zimebaki chache."

Marahaba, mwanangu. Jibu langu la kwanza ni fupi: kadi ya gari usiitoe. Kadi hiyo ndiyo yasema lori ni la nani. Siku kampuni itakaposhindwa kulipa madeni yake, dalali wa mahakama hataki kujua ng'ombe wa mama yako walikwenda wapi. Atasoma jina lililo kwenye kadi, naye atalivuta lori. Leseni ya kubeba mizigo ya biashara hutolewa na LATRA, nawe mwenye gari waweza kuiomba kwa jina lako mwenyewe. Bima nayo waweza kuikata mwenyewe. Basi sababu aliyokupa bwana yule haitoshi.

Jibu la pili ni refu zaidi, na ndilo nataka tulizungumze.

Wazee wa kwetu waliolima pamba hawakuwa wajinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakipeleka pamba kwa wafanyabiashara na kupunjwa kwenye mizani. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye msomaji wa mizani, tena ndiye mwenye kalamu. Wakulima walifanya nini? Waliweka wapimaji wao wenyewe, pamba ikapimwa kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na vyama vile ukazaliwa mwaka 1955 muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Ushirika ulianza kwa neno moja tu: tumpime yule anayetupimia.

Basi kampuni inayotaka lori lako ni mnunuzi mwenye mizani. Itakupimia mzigo, itakupimia mafuta, itakupimia siku za kungoja, na mwisho itakupimia fedha. Hapana budi uipime kwanza.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe sikupima. Zamani kidogo nilikuwa na lori, nikaliingiza katika kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Safari za mwanzo walilipa upesi, hata nikajisifu kwa jirani. Mwezi wa tatu malipo yakachelewa juma moja, mwezi wa nne majuma matatu, kisha simu ikawa haipokewi. Nikapanda basi kwenda ofisini kwao. Nilikuta chumba kimoja, meza moja, na binti anayesema, "Bosi amesafiri." Nilipotaka kwenda kushtaki niliulizwa: hati za mizigo ziko wapi? Zote alizikabidhi dereva kwa kampuni, sikubakiza hata nakala moja. Niliuza lori nikalipa deni la tairi. Mke wangu alikuwa ameniambia mapema, "Waulize kwanza madereva wao." Nikamjibu kwamba mambo ya magari hayajui. Neno lile nalijutia kuliko lori.

Sasa tuangalie namna ya kupima.

KWANZA, JINA LAO NI NANI? Watu wengi huridhika na maandishi ubavuni mwa gari. Hayo ni rangi tu. Nenda kwenye daftari la Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Huna haja ya kusafiri, siku hizi wenye simu hutafuta kwa mtandao, na kwa ada hupewa taarifa za kampuni. Tazama iliandikishwa mwaka gani, wakurugenzi ni akina nani, na kama hupeleka taarifa zake za kila mwaka. Tazama tena kama mali zake zimewekwa rehani benki, maana rehani ya kampuni huandikishwa huko. Rehani si dhambi, lakini kampuni iliyoweka rehani kila kitu, ikianguka, benki ndiyo hulipwa kwanza, na wewe mwenye lori wakaa nyuma kabisa ya foleni.

Tena jua tofauti hii. Kuna jina la biashara, na kuna kampuni yenye dhima yenye kikomo. Katika jina la biashara, mwenyewe hudaiwa kwa mali yake yote. Katika kampuni, kwa kawaida huwezi kumdai mkurugenzi nyumba yake, wadai kampuni tu. Bwana aliyekuja kwako na gari zuri huenda gari lile ni lake, na kampuni haina hata baiskeli. Muulize pia kama yeye ni mkurugenzi, mfanyakazi, au dalali anayepewa kamisheni kwa kila lori analoleta.

PILI, MZIGO NI WA NANI? Asema "tunao mzigo." Je, kampuni ina mkataba na kiwanda cha kuchambua pamba, au imepewa kazi na kampuni nyingine iliyopewa na nyingine? Kila mkono katikati hukata kipande chake, na kila mkono ni mahali ambapo fedha yaweza kukwama. Omba kuonyeshwa mkataba wao na mwenye mzigo. Wakificha bei nitawaelewa, lakini jina la mwenye mzigo na tarehe havina sababu ya kufichwa.

Kumbuka msimu wa 2019. Bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, kisha bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi wakasitasita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakangoja fedha zao kwa miezi. Mwaka kama ule, mnunuzi asiyeweza kumlipa mkulima atamlipaje msafirishaji? Na msafirishaji asiyelipwa atakulipa wewe kwa nini? Basi uliza: "Mwaka ule wa 2019 mlikuwa mkifanya kazi? Wenye malori mliwalipa lini?" Kisha usiridhike na jibu lao, kawaulize wenye malori wenyewe.

Uliza vile vile juu ya miezi mingine. Ununuzi wa pamba kwa kawaida huanza Mei na kwisha baada ya miezi michache. Mkopo wako hauna msimu. Desemba lori litabeba nini? Kama kampuni haina mzigo miezi hiyo, mkataba usikufunge mikono. Uwe huru kubeba dagaa, mahindi, saruji au mchanga bila kuomba ruhusa.

TATU, WAULIZE WATU. Hapa ndipo penye hazina, na haigharimu ila nauli na kikombe cha chai. Nenda Bunda, nenda Mwanza, mahali malori yanapolala. Kaa kwa mama lishe. Tafuta watu wa namna tatu: mwenye lori aliyemo katika kampuni sasa, mwenye lori aliyetoka, na mtu anayeiuzia kampuni kitu, kama vile mwenye kituo cha mafuta au fundi wa tairi. Huyu aliyetoka ndiye wa thamani kuliko wote. Aliyemo anaogopa kunyimwa mzigo, atasema kwa uangalifu. Aliyetoka hana hofu. Lakini huenda ana hasira, kwa hiyo msikilize mmoja, kisha mtafute wa pili.

Usiulize, "Je, kampuni ni nzuri?" Swali hilo huleta jibu la adabu tu. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulilipwa tarehe ngapi, kwa safari ya tarehe ngapi?" "Ulikatwa kiasi gani, na kwa sababu gani?" "Gari lilipoharibika njiani, nani alikuja?" Mtu akikutajia tarehe mbili, wewe mwenyewe utahesabu siku zilizo katikati.

Tazama tena malori yao. Tairi zilizokwisha na madereva waliokaa siku tatu bila posho hukuambia habari za fedha kuliko kalenda nzuri iliyotundikwa ofisini.

NNE, CHUKUA KALAMU. Nitatoa mfano, hesabu zake ni za kubuni, wewe weka zako. Tuseme safari ya kilometa 400, kwenda na kurudi, yalipwa shilingi 800,000. Dizeli 400,000. Posho ya dereva na utingo 90,000. Yabaki 310,000, na hapa ndipo wengi hushangilia. Lakini tairi zaliwa na barabara. Kama seti ya tairi yagharimu milioni 6 na kwenda kilometa 60,000, kila kilometa moja ni shilingi 100, basi safari ile imekula 40,000. Matengenezo weka 50,000, bima na leseni 20,000. Yabaki 200,000. Toa 150,000 za mkopo. Faida yako ni 50,000.

Sasa tazama kuchelewa. Waenda safari mbili kwa juma, na kampuni yalipa baada ya majuma manane. Kila safari watoa mfukoni 490,000 za dizeli na posho. Safari 16 ni shilingi 7,840,000. Fedha hiyo umeikopesha kampuni bila riba, na wewe mwenyewe walipa riba kwenye chama chako cha mikopo. Wenye malori wengi hawaangushwi na bei ndogo, huangushwa na kungoja. Kwa hiyo siku ya malipo ni sehemu ya bei. Afadhali 750,000 baada ya siku saba kuliko 800,000 baada ya siku sitini.

TANO, YAANDIKWE. Maneno ya mdomo yaweza kuwa mkataba kisheria, lakini nani atakumbuka vile vile yalivyosemwa? Mkataba useme malipo ni kwa tani, kwa safari au kwa kilometa. Kama ni kwa tani, useme ni uzito wa kupakia au wa kushusha. Useme pamba ikipungua njiani ni hasara ya nani. Useme siku ngapi waweza kungoja kupakuliwa bure, na baada ya hapo walipwa kiasi gani kwa siku. Kama kampuni yakukopesha dizeli, useme ni kwa bei gani, maana wengine hukata kwa bei isiyo ya kituo chochote. Useme utaondokaje: taarifa ya siku ngapi, na fedha zako zilizobaki zitalipwa lini.

Usisahau uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari ilianza kutumika Tanzania mwaka 2019. Lori la ekseli mbili, lenye tairi mbili mbele na nne nyuma, huruhusiwa tani 8 mbele na tani 10 nyuma, jumla tani 18 pamoja na uzito wa lori lenyewe. Karani wa kupakia atakuambia, "Ongeza marobota kidogo." Yeye hatakuwapo kwenye mizani ya barabarani. Mkataba useme kwamba mzigo ukizidishwa na kampuni, tozo ni ya kampuni, na dereva wako awe na haki ya kukataa.

Juu ya bima, bima ndogo ni ya lazima, lakini hulipa madhara ya mtu mwingine. Lori lako likipinduka halikulipi kitu. Lori la mkopo lataka bima kubwa. Na pamba iliyomo ndani yataka bima yake ya mzigo. Uliza nani ameikata, kisha uone hati yake kwa macho. Moto wa pamba hauchagui.

Huko Marekani, ambako maelfu ya madereva huingiza malori yao katika makampuni kwa namna hii hii, malalamiko yalikuwa mengi hata serikali ikaweka kanuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mkataba lazima uandikwe. Kampuni lazima ilipe ndani ya siku 15 baada ya mwenye lori kuleta hati za safari. Kila makato lazima yatajwe mapema katika mkataba, na yaonyeshwe yamehesabiwaje. Na kama malipo ni fungu la nauli, mwenye lori ana haki ya kuona hati ya nauli yenyewe. Wewe huna haja ya kungoja serikali ya Marekani. Mambo hayo manne waweza kuyaandika katika mkataba wako hapo Kibara, na kampuni njema haitachukia. Mpe wakili asome kabla ya sahihi. Ada yake ni ndogo kuliko tairi moja.

MWISHO, ONJA KABLA YA KULA. Usifungwe mwaka mzima kwa siku moja. Waambie: "Nitafanya safari nne, nilipwe zote, ndipo tuzungumze mkataba mrefu." Weka daftari lako mwenyewe: tarehe, uzito, mahali, dizeli, fedha. Kila hati ya kupokelewa mzigo ipigwe picha kwa simu pale pale, kabla dereva hajaikabidhi. Picha hiyo ndiyo mpimaji wako.

Utasema, "Mzee, nikiuliza maswali yote hayo watachukua lori la mwingine." Huenda wakachukua. Lakini fikiri: kampuni inayokukimbia kwa sababu umeuliza siku ya malipo, ingefanya nini siku umekuja kudai malipo yenyewe? Lori lililokaa majuma mawili bila kazi limepoteza majuma mawili. Lori lililoingia mahali pabaya huenda lisirudi nyumbani. Na si kila kampuni ni ya hila. Zipo zinazolipa kwa siku na kutunza watu wao, nazo ndizo zisizoona haya kupimwa. Mpimaji hutafuta hizo.

Neno la mwisho ni juu ya nyumba yenu. Mama yako amekataa, nawe wamwona mtu wa zamani asiyejua mambo ya magari. Nami nilimwona mke wangu hivyo. Mama aliyefuga ng'ombe sita anajua kitu: ng'ombe haazimwi kwa mtu ambaye hujalala kwake. Keti naye, keti na kaka yako, maana kunyamaza kwake si kukubali. Wasomee karatasi ile ya kampuni kwa Kijita, neno kwa neno. Mahali utakaposhindwa kuwaeleza, ujue hata wewe hujaelewa, na hapo ndipo pa kuuliza.

Nakupa kazi ya majuma mawili. Juma la kwanza tafuta jina lao BRELA, kisha nenda Bunda na Mwanza ukaongee na wenye malori watatu, mmoja wao awe aliyetoka. Juma la pili fanya hesabu zako, upeleke mkataba kwa wakili, uombe safari nne za kuonja. Kadi ya gari ibaki kwenye sanduku la mama.

Kisha niandikie tena, unieleze uliyoyakuta. Wengine wenye malori walio na habari za namna hii nao waandike, tupate kufundishana. Tutaonana juma lijalo.